Ujumbe Uliokuja Bila Salamu

Sabaki
16 Juni 2025

Mwanangu Kadii,

Umeamkaje huko, na kikohozi kimekuachia, na kazi inakwendaje, na Cherop mnayekaa naye, na mama yake aliyelazwa wamemruhusu? Sisi huku tumeamka wazima. Mto umeshuka umeacha tope mpaka kwenye migomba. Mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja anakataa titi, namnywesha kwa chupa kama nilivyokunywesha wewe ulipokuwa mkaidi.

Najua utaishangaa karatasi. Nimeinunua dukani pamoja na bahasha, nikampa yule wa vifurushi ofisi ya basi pale Malindi. Neno hili sikutaka kukuuliza kwa simu kwa sababu simu yenyewe ndiyo ninayoishuku.

Kuna mtu naandikiana naye. Tusimtaje kwanza. Mwaka mzima tumeandikiana vizuri, salamu kwa salamu. Tukapatana aje hapa nyumbani Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, yeye na watu wake wawili. Nikapika. Nikaazima viti kwa Monicah. Tulikaa mpaka wali ukapoa na Monicah akaanza kunitazama kwa huruma, nikamwambia usinitazame hivyo, kula. Hawakuja.

Nikamwandikia. Zikatokea tiki mbili, zikageuka buluu, maana yake amesoma. Hakujibu. Nimeandika tena na tena, anasoma, hajibu. Nikipiga hashiki.

Sasa nimewaza hivi. Je, maneno yangu yanaweza kumfikia yakiwa maneno mengine? Mimi naandika mbona hukuja, yeye huko anasoma tusi? Maana huyu si mtu wa kumsomea mwenzake akanyamaza. Namjua. Nikikosea kumjua huyu basi sijui nimjue nani.

Wewe ndiyo kazi yako, kulinda hizo njia. Nieleze kama unamweleza mtu wa darasa la nne, kwa kuwa ndiye mimi.

Mama yako,
Zipporah

*

Nairobi
24 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Karatasi yako imefika.

Swali lako ni zuri, kuna watu wenye digrii hawaliulizi. Nitaanza mlangoni. Simu yako haitupi maneno hewani tu. Kwanza inabisha hodi kwa mashine ya upande wa pili. Ile mashine inajibu: hodi yako nimeisikia, karibu, na wewe unanisikia? Simu yako inajibu: nakusikia. Zikishaitikiana mara tatu ndipo mazungumzo yanaanza. Utaratibu wa namna hii, wa nani aseme nini kwanza na mwenzake ajibu nini, tunauita itifaki. Mashine mbili ambazo hazijawahi kuonana zinaelewana kwa sababu zote zinafuata utaratibu mmoja.

Halafu maneno hayaendi mazima. Yanakatwa vipande, kila kipande kina namba yake na anwani ya kinakokwenda. Kimoja kinaweza kushuka Mombasa kikaingia kwenye waya ulio chini ya bahari, kingine kikapita kwingine kabisa. Vikifika vinapangwa kwa namba. Cha tatu kikipotea, upande wa pili unasema nitumie cha tatu tena.

Na kabla ya yote hayo maneno yanafungwa kwa kufuli. Simu yako na ya huyo mtu zilipatana ufunguo bila kuutaja kwa sauti. Hata mimi nikikamata kipande njiani naona takataka tupu. Na mtu akigeuza hata herufi moja, kufuli linakataa kufunguka kule mbele.

Kwa hivyo jibu ni hapana, mama. Maneno hayageuki njiani. Huyo bwana amesoma kile ulichoandika. Kama hajibu ni kwa kupenda kwake. Watu kama hao tunawaona kazini kila siku, wanaanza vizuri na mama mjane, salamu kwa salamu, halafu siku moja kimya. Pole. Mwache aende.

Kadii

*

Sabaki
3 Julai 2025

Mwanangu Kadii,

Salamu zako zimekuja nusu mstari, lakini najua una kazi. Mimi nakuamkia kamili, wewe na Cherop na mama yake, ambaye hukuniambia kama ametoka hospitali.

Mambo ya vipande yameniingia. Nilimweleza Monicah tukipukuchua mahindi. Nikamwambia chukua kuku umkate, paja lipande boda, kifua kipande tuktuk, kichwa kiende kwa miguu, kila kipande na namba yake, vikifika Watamu vinaungana kuku anawika. Monicah akasema huyo kuku mimi simli.

Sasa umesema huyo bwana. Sikumbuki kukuambia kama ni mwanamume, nikaona labda mama ni wa kusomeka. Basi ni kweli. Ni fundi wa mbao, Mkamba, amefiwa na mke kama nilivyofiwa mimi na baba yako, anatengeneza viti vya hoteli kule Bofa. Alikuja kanisani kwetu kurekebisha mabenchi, akaniuliza ni nani hukaa benchi la tatu kwa sababu limeliwa upande mmoja tu. Nikamwambia ni mimi, hukaa pembeni nipate upepo. Ilianza hivyo.

Sikumficha mtu ila wewe, na wewe nilikuwa nakungoja uje Agosti nikuambie uso kwa uso. Shemeji Kahindi nilimwambia mapema, yeye ndiye ndugu mkubwa wa baba yako. Alirudi baada ya siku mbili akaniambia, "Mwaro amelala miaka minne, hatuwezi kukufukia naye." Nililia. Hiyo Jumapili ndiyo fundi alikuwa anakuja kujitambulisha kwa Kahindi. Nikikosa jibu lake, Kadii, nimekosa mume. Sikuandikii kwa mzaha.

Nina swali la pili. Umesema mwizi hawezi kugeuza maneno njiani. Je, hawezi kusimama mlangoni pangu akaitika kwa sauti yangu? Ile mashine inajuaje kwamba anayesema mimi ni Zipporah ni Zipporah kweli?

Na nimeamua nimwandikie fundi kwa karatasi. Lynn, binti yake Monicah, anafua nguo kwenye hoteli moja Bofa, atamtafutia njia.

Mama yako,
Zipporah

*

Nairobi
12 Julai 2025

Mama,

Shikamoo.

Swali lako la pili ndilo lililowasumbua wakubwa wa kazi hii miaka mingi. Walioanza mtandao walikuwa wachache, walimu wa vyuo na watu wa maabara, wanajuana kwa majina. Hawakuweka kufuli. Mashine ikisema mimi ni fulani, iliaminiwa. Hakuna aliyefikiri mwenzake ataiba. Baadaye dunia nzima ikaingia, na wezi ndani, ndipo wakaanza kufunga kufuli kwenye nyumba iliyokwisha jengwa zamani, na mpaka leo tunaziba nyufa.

Na kufuli huzeeka. La kwanza lilivunjwa, likatolewa jingine, hilo nalo likavunjwa. Siku hizi mashine yangu ikikutana na mashine inayong'ang'ania kufuli la zamani, inakataa kuongea nayo. Sheria za kufuli zenyewe zinaandikwa hadharani, mtu yeyote azisome, hata mwizi. Kufuli tunaloliamini ni lile ambalo mwizi anajua limetengenezwaje na bado hawezi kulifungua, kwa sababu hana ufunguo.

Kuhusu kujitambulisha: tovuti kubwa zinaonyesha hati yenye muhuri wa mtu anayeaminiwa na wote, kama unavyokwenda mahali na barua ya chifu. Kwako wewe simu yako ndiyo muhuri. Ufunguo umo ndani yake na haijatoka mkononi mwako. Hakuna wa kusimama mlangoni pako.

Mama, usimwandikie. Mwanamke wa umri wako kumfuata mtu kwa barua, tena kwa mkono wa mtoto wa watu, utachekwa. Nyumba aliyoacha baba ipo, sisi tupo. Tunakutosha.

Kadii

*

Diani
21 Julai 2025

Kwa Mama Zipporah,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Bwana Kahindi na jirani yako Monicah. Mimi ni mzima wa mwili.

Lynn hakunikuta Bofa. Niliondoka tarehe tatu Juni nikachukua kazi huku Diani, kazi ya milango, kwa sababu nilishindwa kuendelea kuishi karibu na Malindi. Rafiki yangu Gerishom ndiye aliyenitumia karatasi yako pamoja na kifurushi cha vitasa.

Umeniuliza kosa lako ni nini. Mama Zipporah, mimi nilidhani ninakutii. Nakunakilia hapa ujumbe ulioniandikia tarehe ishirini na saba Mei, saa nne asubuhi. Sikuongeza kitu wala sikupunguza.

"Nahashon. Nimefikiria sana. Mimi ni mjane na watoto wangu wananitosha. Usije Jumapili. Simu hii sasa iko kwa watoto, kwa hivyo ukiona ujumbe mwingine kutoka namba hii usijibu, na ikipigwa usishike. Kama uliniheshimu, niheshimu kwa hilo."

Ndiyo sababu nilisoma yote uliyoniandikia baadaye na sikujibu hata moja. Niliona unauliza mbona sikuja, nikasema huyu ni mtoto ananijaribu. Siku uliyoandika kwamba wali umepoa nilitaka kujibu. Niliweka simu ndani ya sanduku la misumari nikatoka.

Kama hukuandika ujumbe huo, niambie kwa karatasi. Kama uliuandika, usijali, sitakusumbua tena. Milango huku ni mingi.

Nahashon Mutuku

*

Sabaki
28 Julai 2025

Mwanangu Kadii,

Umeamkaje, umeamka na afya, na Cherop, na nyumba? Huku mvua ya Julai imetunyeshea kidogo. Yule mbuzi mdogo amekubali titi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Hayo ya watu wa kwanza kukosa kuweka kufuli kwa kuwa walikuwa wanajuana yamenikaa. Nimejiona mimi. Sijawahi kufunga mlango wa chumba changu humu ndani tangu niolewe, ningemfungia nani?

Leo nina swali moja dogo, halafu sitakusumbua tena na mambo ya mashine. Je, mtu anaweza kusoma meseji zangu akiwa mbali, na simu yangu iko hapa hapa mkononi? Na anaweza kuandika kutoka huko aliko, ikaonekana ni mimi?

Nijibu polepole. Na kama katika kujibu likatokea jambo jingine unalotaka kuniambia, lolote, niambie. Leo nina moyo mpana, Kadii. Sijui kesho, lakini leo ninao.

Mama yako,
Zipporah

*

Nairobi
6 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Umenitia wasiwasi na maswali haya, nani anakutia maneno kichwani? Hapana. Kama simu iko nawe, hakuna anayeweza kusoma wala kuandika. Nilikueleza, kufuli linaanzia kwenye simu yako na linafunguka kwenye simu ya mwenzako tu. Katikati hakuna mtu.

Hakuna jambo jingine. Kazi tu. Agosti sitaweza kuja, likizo imesogezwa.

Na tafadhali mguu huo usiufanyie mchezo. Uvimbe wa mguu mmoja si kitu cha kukanda na maji ya chumvi, na kama kiatu hakiingii ina maana damu haipiti vizuri. Acha shamba wiki hii. Nenda hospitali Malindi, muone daktari, si yule wa duka la dawa. Nimekosa usingizi kwa ajili ya mguu huo.

Kadii

*

Sabaki
11 Agosti 2025

Mwanangu Kadii,

Umeamkaje? Naandika hivyo hata leo.

Mguu wangu hauna kitu. Haujavimba, wala wa kulia wala wa kushoto. Viatu vyangu vyote vinaingia.

Jumamosi tarehe pili tulikaa barazani, mimi na Monicah, tumepeana migongo kwa sababu tukitazamana tunacheka. Nikamtumia meseji, na yeye yuko hapo nyuma yangu namsikia anatafuna ubuyu. Nikaandika shoga yangu mguu wa kushoto umevimba kama kibuyu, kiatu hakiingii, naukanda na maji ya chumvi, usimwambie mtu. Naye akajibu pole, nitakuja jioni. Hatukumwambia mtu mwingine. Si Kahindi, si Lynn, si mchungaji. Sikukuandikia wewe kwenye karatasi wala sikukupigia. Mguu huo uliishi kwenye simu yangu na ya Monicah peke yake.

Nilichagua ugonjwa kwa sababu nakujua. Kwamba naolewa ungeweza kulinyamazia. Naumwa usingeweza. Nilimwambia Monicah, kama ni mwizi wa kweli hatasema neno, na kama ni mwanangu ataniambia niende hospitali. Monicah akasema Mungu aepushe. Barua yako ilipofika nilimpa yeye aisome kwanza. Alisoma akaikunja, akaniambia, "Anakupenda, huyu mtoto," na akaanza kulia yeye.

Fundi alinijibu kwa karatasi mwezi uliopita. Alininakilia ujumbe wangu. Kadii, ujumbe ule hauna salamu. Umeanza na jina la mtu kama polisi anasoma orodha. Mimi, hata nikimfukuza mtu kwangu, nitamuuliza kwanza ameamkaje na wa nyumbani wameamkaje, ndipo nimfukuze. Fundi ni mtu wa bara, yeye aliona ni hasira. Mimi niliona ni mtu mwingine. Ulivyonieleza mashine, zinabisha hodi kwanza ndipo ziseme. Wewe unaijua kazi hiyo kuliko mimi, ukaisahau ulipovaa sauti ya mama yako. Na "wananitosha". Ukaja ukaniandikia mwenyewe, tunakutosha.

Hapo bado nilikataa moyoni kwamba ni wewe. Nikampa Lynn simu, nikamwambia nitafutie kama kuna mtu ndani. Akabonyeza, akanionyesha mahali pameandikwa vifaa vilivyounganishwa. Kimoja. Kompyuta. Imeunganishwa tarehe kumi na tisa Aprili, imetumika siku hiyo hiyo tulipotazama. Lynn akataka kuifuta, nikamwambia iache, nataka kujua ni ya nani.

Tarehe kumi na tisa Aprili ni Jumamosi ya Pasaka. Ulikuwa hapa. Ulisema simu yangu ni nzito unaisafisha. Ulifungua kompyuta yako kwenye meza ya baba yako, ukatokea mraba wa madoa meusi, ukaielekezea simu, ikalia. Mimi nilikuwa nakuletea chai na mahamri. Nilisimama na sinia nikakungoja umalize.

Nilipokuandikia ile ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuiona hiyo kompyuta. Nilikwambia nina moyo mpana. Ulijibu hakuna jambo jingine.

Nimerudia barua zako zote. Vipande, hodi, kufuli kuzeeka, nimeona yote ni kweli, nimemuuliza hata kijana wa duka la simu. Ulipofika kwenye simu haijatoka mkononi mwako, hapo ndipo ulipoanza uongo. Ungenidanganya tangu mwanzo, ungesema ndiyo mama, maneno hugeuka njiani, ningelala. Uliniambia kweli ili nimchukie mtu asiye na kosa.

Na kuna hili ambalo siwezi kulimeza. Wiki zile nilikuwa namtumia Monicah sauti. Nililia humo. Nilimwambia nimechakaa, nimejipamba uzeeni nikaachwa na viti vya kuazima. Nilimwambia sasa najua kwa nini baba yako hakunitazama miaka ya mwisho. Maneno hayo hata mbele ya Monicah uso kwa uso nisingeyasema. Ulikuwa unayasikia. Uliyasikia yote, na unajua ni neno gani lingenyamazisha kilio hicho, na ukakaa ukaniandikia habari za waya wa baharini.

Jina ulilobeba ni la mavyaa wangu. Tangu unazaliwa sikukugombeza kwa jina hilo, ukivunja chungu namwita baba yako akugombeze yeye, kwa sababu ni mama yake. Sasa Mwaro hayupo, na mimi sijui ugomvi huu niuandike kwa jina gani.

Kompyuta yako nimeifuta leo, saa tatu asubuhi. Nilibonyeza mwenyewe.

Mama yako,
Zipporah

*

Nairobi
20 Agosti 2025

Mama,

Umeamkaje? Na Monicah ameamkaje, na Lynn, na baba mkubwa Kahindi?

Ni mimi. Yote.

Niliunganisha ile kompyuta kwa sababu niliona jina lake kwenye simu yako, na kazini siku hiyo hiyo tulikuwa tumetoka kushughulika na mama mmoja aliyetapeliwa na mtu wa aina hiyo. Nilisema nitatazama wiki moja. Wiki ya kwanza nilijua si tapeli. Ningeacha hapo. Sikuacha. Ulikuwa unacheka na yeye, mama. Sijawahi kukusikia ukicheka hivyo nyumbani kwetu. Na ulikuwa unamwambia mambo ya baba, kwamba alikuwa mgumu, kwamba ulikula peke yako jikoni. Mimi sikuyajua. Nilikasirika na fundi kana kwamba yeye ndiye aliyeyatenda.

Sikuvunja kitu. Hilo ndilo ninalolirudia. Nalipwa mshahara kuzuia watu wasivunje kufuli, na hili sikulivunja. Simu yako iliniuliza kama unaniruhusu niingie, na kidole kilichokubali kilikuwa changu. Lilifanya kazi yake vizuri mpaka mwisho, lilinilinda mimi humo ndani.

Ule ujumbe niliuandika asubuhi, kazini, kati ya mikutano miwili. Dakika nne. Nikaufuta upande wako usiuone. Sauti zako kwa Monicah nilizisikiliza zote. Ya tisa sikuimaliza.

Nimwandikie fundi? Nitamwandikia. Nije? Nitakuja kesho ukisema.

Kadii

*

Sabaki
22 Septemba 2025

Mwanangu Kadii,

Umeamkaje, na Cherop, na kikohozi? Mama yake Cherop mpaka leo hujaniambia kama aliruhusiwa. Namuombea bila kujua nimuombee apone au nimuombee alale pema.

Nimechelewa kujibu. Nilianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi, Monicah akaichana. Ya pili ilikuwa nimekusamehe, hiyo niliichana mwenyewe, maana ilikuwa bado.

Usimwandikie fundi. Alirudi kutoka Diani wiki ya kwanza ya mwezi huu, na vitasa viwili vya mlango alivyotengeneza huko. Nilimweleza yote hapo hapo barazani. Sikutaka ajue, ni aibu yangu pia, lakini nikaona nikimficha nitakuwa nimefanya kama wewe. Alisikiliza. Akaniuliza una miaka mingapi. Nikasema thelathini na moja. Akasema, "Mke wangu alipokufa, binti yangu alichoma nguo zangu za kanisani nisitoke." Kisha akaenda kutazama mlango wa chumba umekaaje. Sasa una kitasa na ufunguo. Sijui kama nitauzoea.

Nina namba mpya. Fundi alisema nikupe. Nimemwambia nitakupa siku mkono wangu utakapokubali kuiandika. Leo nimejaribu, umekataa. Ukitaka kuniandikia, ofisi ya basi unaijua.

Tulifunga ndoa juzi Jumamosi. Tulikuwa watu kumi na wanane, Kahindi ndiye aliyenisindikiza, amevaa lile koti la baba yako, akaniomba ruhusa kwanza. Lynn alinisuka. Hatukupiga picha za simu, nilikataza, ila ya mpiga picha wa Malindi, ambayo itatoka wiki ijayo kwa karatasi.

Nilikuwa na hasira asubuhi hiyo, Kadii. Nilikuwa nayo nikivaa na nilikuwa nayo njiani. Sikukualika, na sikujuta. Mchungaji akafika pale pa kuuliza kama kuna mtu ana neno la kupinga ndoa hii, kila mtu akatazama mbele. Mimi niligeuka nikatazama mlango. Mchungaji alikwisha kuendelea na maneno yake na mimi bado natazama huko, mpaka Nahashon akanigusa kiwiko.

Mama yako,
Zipporah